Paipu ya upepo: hoja ya fundi wa Langoni na majibu yake

Fundi mmoja wa milango hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambaye karakana yake imo katika chumba cha chini cha nyumba aliyoachiwa na babu yake, amepitisha upepo wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, kwa paipu nyeupe za PVC, ile plastiki ngumu ya mabomba ya maji, kwa miaka sita, kutoka uani ilipo mashine hadi kwenye meza anapopulizia vanishi, na katika muda huo wote hajaona hata kona moja ikivuja. Nilipomshauri azing'oe, kwa kuwa PVC ni hatari kwa hewa iliyoshindiliwa, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, paipu imeandikwa PN16, nami natia bar 8. Kosa liko wapi?" PN16 maana yake ni kwamba paipu imekadiriwa kuhimili shinikizo la bar 16, mara mbili ya analotia. Swali hilo ni la haki, na wengi wanaoikataza PVC hulikwepa kwa vitisho badala ya kulijibu.

Kwanza tumpe haki yake. Paipu mpya ya daraja hilo, ikiwa kivulini na imegundishwa vizuri, ina nguvu ya kuhimili shinikizo analotia, ambalo kwa kipimo cha mafundi wengi ni kama psi 116. Bei yake ni nafuu, hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na haishiki kutu katika mji ambao bawaba ya chuma huanza kuliwa na chumvi kabla mlango haujazoea fremu yake. Kuna pia jambo ambalo miongozo ya nchi nyingine hailitaji kamwe, nalo ni njia ya kuifikisha karakanani. Paipu za chuma huja kwa urefu wa mita 6, hushushwa Mokowe, gati la upande wa bara, huvushwa kwa boti, kisha hubebwa na watu au punda katika vichochoro ambavyo kona zake hazikujengwa kwa ajili ya mzigo wa namna hiyo. Anayelaumu fundi kwa kuchagua plastiki hajawahi kuzungusha chuma cha mita 6 nyuma ya msikiti.

Hata hivyo namba iliyochapishwa kwenye paipu haisemi yote. Imepimwa kwa maji, tena kwa joto la nyuzi 20, na Lamu ni nadra kushuka hadi joto hilo hata usiku. Kwa jedwali linalotumika Marekani, PVC inayohesabiwa kuwa na nguvu kamili kwenye nyuzi 23 hubaki na takriban nusu yake ikifika nyuzi 43, na kwenye nyuzi 60 hubaki na kama asilimia 22 tu. Paipu inayopita chini ya mabati ya uani saa nane za mchana, huku ikipokea hewa iliyotoka moto kwenye mashine, haiko mbali na namba hizo, na hapo ile PN16 inayotegemewa huwa imeshapungua bila maandishi yake kufutika.

Kubwa kuliko hilo ni tofauti ya maji na hewa. Maji yakishindiliwa kwa bar 8 hayapungui hata sehemu moja katika elfu, kwa hiyo paipu ya maji ikipasuka shinikizo hufa papo hapo na kinachobaki ni kulowa. Hewa iliyoshindiliwa kwa kiasi hicho inataka kurudi kuwa mara tisa ya ujazo wake, na nyuma ya ufa kuna tangi zima linaloisukuma. PVC nayo ikipasuka kwa shinikizo haichaniki kama mpira au shaba. Huvunjika vipande vyenye ncha, na hewa ndiyo inayovirusha. Kwa sababu hii OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ilitoa onyo mwaka 1988 baada ya mfanyakazi wa kiwanda huko Texas kuchanwa mkono na vipande vya paipu ya namna hiyo. Onyo lenyewe liliacha nafasi kwa paipu iliyozikwa ardhini au kufunikwa kwa kitu kisichoweza kutobolewa na vipande, na ni uaminifu kulitaja hilo pia, maana linaonyesha wazi kwamba hofu ni ya vipande kuruka, si ya plastiki kwa jina lake.

Siku ile tulifanya jaribio dogo. Fundi alikuwa na kipande kilichokatwa uani mahali palipopigwa na jua miaka yote sita, kimegeuka rangi ya meno ya mzee, na kingine kipya kilichobaki stoo. Tukaviweka juu ya gogo la mbambakofi na kuvipiga nyundo moja moja. Kile kipya kilibonyea na kuweka alama nyeupe. Kile cha uani kilivunjika kama sahani, na kipande kimoja tulikiokota ng'ambo ya ua, karibu na birika la kuhifadhia maji. Hakukuwa na upepo ndani yake hata kidogo. Tangu hapo hoja ya "miaka sita bila tatizo" naisikia kwa namna nyingine: uzee wa plastiki huenda upande mmoja tu, na mafuta yanayotoka na hewa ya baadhi ya kompresa huuharakisha, hivyo mwaka wa saba hauwezi kudhaminiwa na ile sita iliyotangulia.

Basi twende kwenye chuma? Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotoa jibu hilo haraka. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu. Chukua kompresa ndogo inayovuta lita 100 kwa dakika, ifanye kazi saa moja katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Nimepiga hesabu nikapata kwamba hewa hiyo ikishindiliwa kwa bar 8 kisha ikapoa, maji yatakayodondoka yanakaribia nusu glasi. Maji hayo yakilala ndani ya paipu ya chuma, hata iliyopakwa zinki, baada ya miaka kadhaa huleta kutu inayobanduka na kusafiri hadi kwenye bunduki ya kupulizia. Mlango uliochongwa kwa miezi miwili huharibiwa na chembe isiyoonekana. Ila chuma kina sifa moja ambayo watetezi wa plastiki huisahau: hupoza hewa njiani, kwa hiyo maji hudondoka mapema mahali unapoweza kuyatoa, ilhali plastiki huhifadhi joto na kuyapeleka maji hadi kwenye vanishi, ambako hugeuka ukungu mweupe.

Paipu ya PPR, ile ya plastiki ya kijani ya maji moto, ni mjadala mgumu zaidi. Hustahimili joto kuliko PVC, na udhaifu wake wa kukakamaa kwenye baridi kali hautuhusu sisi wa pwani. Lakini jua huila, na hewa ya moto yenye mafuta huizeesha kutoka ndani. Ningeikubali pale tu ambapo mtengenezaji mwenyewe ameandika kuwa inafaa kwa hewa iliyoshindiliwa.

Kwa karakana ya nyumbani mimi naegemea shaba. Haishiki kutu, ikishindwa huchanika bila kurusha vipande, na huja ikiwa imeviringishwa, mtu akaibeba begani hadi Mkomani, mtaa mwingine wa mji huu. Mafundi wa friji wanajua kuilehemu. Ubaya wake ni bei, na si ubaya mdogo. Asiyeimudu atumie mpira mzuri wa upepo wenye nyuzi ndani, uliotundikwa ukutani na kubadilishwa ukianza kupasuka ngozi. Kwa mita kumi hauna aibu yoyote, na ni bora kuliko paipu ya kudumu iliyochaguliwa vibaya.

Chochote kitakachochaguliwa, kipande cha kwanza kutoka kwenye mashine kiwe mpira, kwa kuwa mtetemo wa kompresa hulegeza maungio. Paipu iinamishwe kidogo kuelekea mwisho wake na pawekwe koki ya kutolea maji, na matawi yatoke upande wa juu wa paipu, si chini, ili maji yasiyafuate. Tangi nalo litolewe maji kila jioni.

Fundi wangu hakukubali yote. Alihesabu bei ya shaba, akacheka, akasema ataing'oa ile ya uani na ile inayopita juu ya meza, aweke mpira, na ile iliyozikwa chini ya sakafu ataiacha. Nilitaka kubishana juu ya hiyo ya sakafuni, nikakumbuka lile onyo la 1988, nikamsaidia kushika ngazi.