Nani aliamua twende Somalia?

Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kuona nchi hii ikijihoji hadharani kuhusu vita vya Iraki, na kila mara mawazo hunirudisha kwetu Kenya. Oktoba 2011 jeshi letu lilipovuka mpaka, nani hasa aliamua, na alikuwa na taarifa gani mkononi?

Sisemi Waingereza waliamua vizuri. Waliamua vibaya sana. Tarehe 18 Machi 2003 Bunge lao liliunga mkono vita kwa kura 412 dhidi ya 149, siku moja baada ya Robin Cook kujiuzulu uwaziri kwa kupinga. Lakini ripoti ya tume ya John Chilcot iliyochunguza vita hivyo ilipotoka 2016, raia yeyote aliweza kusoma waraka ambao waziri mkuu wao Tony Blair alimwandikia Rais George Bush wa Marekani Julai 2002, akimhakikishia kuwa atakuwa naye kwa vyovyote vile. Miezi minane kabla ya kura! Chilcot akasema wazi kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizwa. Blair hakushtakiwa, na hilo linaniuma, ila maandishi yake yako mezani.

Kwetu, mawaziri wawili, George Saitoti na Yusuf Haji, waliita waandishi wa habari, wakataja kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachoipa nchi haki ya kujilinda, na kesho yake majeshi yakaingia Somalia. Katiba tuliyoipitisha 2010 inamtaka rais apate idhini ya Bunge kabla ya kutangaza vita. Bunge halikupiga kura kwanza. Tuliambiwa sababu ni wageni waliotekwa nyara Lamu na Dadaab. Utekaji ulikuwa wa kweli na wa kinyama, lakini nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja zilikuwa zimeshaonyesha serikali yetu ikiomba Wamarekani waunge mkono mpango wa Jubaland, eneo la kusini mwa Somalia linalopakana nasi, tangu mapema 2010. Nani aliubuni? Yupo aliyeupinga? Kuna aliyeuliza tutatoka lini? Saitoti alifariki 2012, Haji 2021, Mwai Kibaki, rais wa wakati ule, 2022, na hakuna tume iliyowahi kuwahoji hadharani.

Kinachonichoma zaidi ni waliokufa. Mwenzangu mmoja kazini alimpoteza kaka yake Basra. Nilimsindikiza kwenye ukumbusho wa wanajeshi kule Staffordshire, akatafuta ukutani, akalipata jina na kulipitishia kidole herufi kwa herufi. Uingereza ilipoteza wanajeshi na watumishi wa wizara ya ulinzi 179 Iraki, na kila mmoja anajulikana kwa jina. Sisi kambi yetu ya El Adde, huko Somalia, ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na serikali ikakataa kutaja hata idadi ya waliouawa. Mtu amekufa akivaa bendera ya nchi, halafu nchi inakataa kumhesabu!

Najua jibu litakalotolewa: askari wetu bado wako kule, usitoboe siri za jeshi. Nawaombea warudi salama wote. Lakini majina ya waliozikwa 2016 na kumbukumbu za vikao vya 2011 havimwonyeshi adui kambi yoyote ya leo. Bunge lina kamati ya ulinzi, na lina mamlaka ya kuita mashahidi. Iwaite mawaziri na majenerali wa wakati ule ambao bado wako hai, mwaka huu, mbele ya kamera.