Mtu akiumia, msimalizane barabarani

Kuna ushauri mmoja wa barabarani hapa Mwanza ambao sasa unaniudhi. Magari yakigusana tu, kabla hata madereva hawajashuka, wapita njia wameshahukumu: "Malizaneni hapo hapo, mkiita trafiki mtajisumbua bure." Wanasema kwa nia njema. Jioni pale Buzuruga au Mabatini foleni imeshika, honi kila upande, konda anakufokea utoe gari. Kila mtu anataka yaishe.

Kwa mkwaruzo, sawa. Bampa limepasuka, taa ya nyuma imevunjika, mnakwenda wote kwa fundi wa bodi, anataja bei ya kunyoosha, puti na rangi, aliyekosea analipa, mnapeana mikono. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapoumia.

Mtoto wa mjomba wangu ni bodaboda, kijiwe chake kiko Nyakato. Mwezi uliopita gari dogo lilikata kona mbele yake bila indiketa, akaangukia goti. Dereva alishuka, mtu mzima mwenye heshima zake, akamwambia, "Pole sana mdogo wangu, shika hii urekebishe taa, yasiwe makubwa." Noti mbili za elfu kumi. Watu wakamwambia chukua, shukuru Mungu umetoka mzima. Akachukua, akasema "asante bosi", akaondoka anachechemea. Usiku goti likavimba mpaka suruali ikakatwa kwa mkasi. Asubuhi eksirei ikaonyesha mfupa umepata ufa. Namba ya gari hakuishika, ya simu hakuomba. Na pikipiki si yake, ni ya mkataba, tajiri anataka hesabu ya wiki mguu uwe mzima au mbovu.

Wenye magari wenzangu, nisikilizeni. Ile bima ndogo ambayo wengi tunaikata kwa shilingi 118,000 ili tu tusisimamishwe njiani, haikuwekwa kwa ajili yetu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inatulazimisha kuikata kwa ajili ya yule tutakayemgonga: kijana wa bodaboda, mama anayevuka na beseni la dagaa akitoka Mwaloni, mtoto anayetoka shule. Tumeshailipia. Matibabu yake na kipato alichopoteza anaweza kuvidai humo. Unapomshikisha elfu ishirini na kumsihi asiite trafiki, unanunua haki yake bila kumwambia kwamba anayo. Naye hajui, kwa sababu hajawahi kuelezwa kwamba ile stika kwenye kioo chako inamhusu yeye.

Halafu mwili wa binadamu hausemi hapo hapo. Mtu aliyetoka kuanguka damu bado ina moto, anasimama, anajipangusa vumbi, anasema niko salama. Maumivu yanakuja usiku. Sasa mapatano ya dakika tano juu ya goti ambalo hakuna daktari aliyeligusa, ni mapatano gani? Na wanaopatana ni nani? Mmoja anaitwa bosi, mwingine anawaza hela ya mafuta ya jioni hiyo.

Polisi wasipojulishwa hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, hakuna ramani ya ajali, hakuna PF90, yaani ripoti ya polisi ya ajali, na bila hizo madai ya bima hayaendi popote. Hata dereva hajajiokoa. Mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo kampuni ikiwa haijui, kwa hiyo majeruhi akirudi baadaye na ndugu zake, mzigo wote unaweza kumwangukia yeye peke yake.

Najua mtasema madai yanachukua miezi, gari linalala kituoni, watu wanazungushwa mpaka wanakata tamaa. Ni kweli, na inakera. Lakini aliyezungushwa ana pa kulalamika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Aliyepokea elfu ishirini bila hata namba ya gari atamlalamikia nani?

Wenyeviti wa vijiwe, waambieni vijana: mtu akigongwa, kabla ya kupokea hela yoyote, mwenzake apige picha namba ya gari. Kwa namba hiyo tu mtaona kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima, kama gari lina bima, na ni ya kampuni gani. Hela ya pole apokee akitaka, ila asisaini karatasi ya kusema hana madai tena. Na wewe dereva uliyegonga, mpeleke hospitali, mpe namba ya simu inayopatikana, kisha mwende wote kituoni hata kama una haraka.