Ukili Wenye Pumu

Msimamizi wangu wa tasnifu ni mtu wa kalamu nyekundu. Wenzake siku hizi wanasahihisha kwenye kompyuta, wanakutumia faili lenye vijimaoni pembeni, mambo yanaisha. Yeye hapana. Kazi ambayo haijachapwa, ikatobolewa matundu na kutiwa kwenye jalada, kwake bado haijaandikwa. Anakaa nayo, anajaza pembeni, juu, chini, nyuma ya ukurasa, na nafasi ikimwishia anabandika kikaratasi. Siku aliyonirudishia rasimu yangu ya uzamili alinipa na onyo: "Nenda kafanye yote. Ukiruka hata moja, nitajua."

Nilisoma oni la kwanza ndani ya daladala. "Sura hazishikani." Nikafunga jalada, nikatazama dirishani mpaka Ubungo.

Kazi yenyewe ilihusu manamba, wale vibarua waliokuwa wakitolewa bara kwenda kukata mkonge Tanga na Pangani. Nilianzia 1944, mwaka wenye mashamba walipounda SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua, nikaishia Uhuru, 1961. Majedwali nilikuwa nayo, ramani nilikuwa nazo, barua za wakubwa wa kikoloni tele. Nilichokosa ni sura ya mwisho na hamu ya kuishi. Mwenzangu wa bwenini akanishauri nitafute mahali patulivu. Mahali patulivu ninapopajua mimi ni kwa bibi, Pangani, na isitoshe ndiko huo mkonge wenyewe ulikopandwa kwanza. Nikapanda basi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda! Hao wake zako wa Dar hawajui kupika?"

Uani kulipasuka kicheko. Hapo nikakumbuka jambo ambalo shida za shule zilikuwa zimenisahaulisha: bibi ni msusi, na msusi hasuki peke yake. Kila baada ya alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika uani kwake, kila mmoja na fungu lake la ukindu, na hakuna ndoa, deni wala mimba ya Pangani nzima isiyopita katika kikao kile. Hiyo ndiyo maktaba yangu tulivu.

Ukindu, kwa aliyekulia ghorofani, ni makuti machanga ya mkindu, yale ambayo hayajafunguka, na mkindu hupenda mahali penye maji, mtoni na mabondeni. Yanakatwa, yanaanikwa mpaka yanakuwa meupe, yanachanwa vyembamba. Mengine hutiwa rangi: maji yanachemka kwenye sufuria, rangi ya unga inamwagwa, ukindu unazamishwa, ukitoka huko unaanikwa tena. Kisha ndiyo zinasukwa zile chane kuwa ukili, utepe mrefu unaopimwa kwa pima, na vipande vya ukili vinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka unapatikana mkeka. Naeleza haya ili ieleweke kwamba hatua ya kuanika inahitaji nafasi kubwa, kavu, isiyo na mchanga.

Mimi nami nilihitaji nafasi kubwa, kavu, isiyo na mchanga. Chumba nilichopewa kilikuwa kimejaa ukindu hadi chini ya kitanda. Nikatandika majamvi uani, nikazipanga karatasi zangu sura kwa sura ili niyaone masahihisho yote kwa pamoja, kila ukurasa nikaukandamiza kwa kifuu cha nazi. Ilipendeza. Umeme ulikuwa umekatika, betri ya kompyuta imekufa, nikaamua kwenda kuchaji dukani kwa mtu mwenye sola. Nikamwomba bibi aniangalizie karatasi. Na haki yake nimpe, aliziangalia sana. Ndiyo maana akaona zinafaa.

Nilirudi adhuhuri. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, inafuka mvuke. Uani wote mwekundu. Juu ya sura ya kwanza kulikuwa na ukindu mwekundu, juu ya sura ya pili ukindu mwekundu, na sura ya tatu sikuiona kabisa. Matone yalikuwa yanadondoka taratibu kwenye nukuu za magavana.

"Bibi!"

"Nimeona, nimeona," akasema kwa furaha. "Nikamwambia mama jirani, mume wangu ana akili. Kanitandikia makaratasi ukindu usishike mchanga, hata sikumwomba."

"Na vifuu je?"

"Si ndivyo vilivyochemshia rangi!"

Niliinua ukurasa mmoja, ukaja na mwenzake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wino wa printa ya lesa haujali maji. Kila nilichoandika mimi kilikuwa palepale, cheusi, imara, pamoja na makosa yake yote. Kilichoondoka ni kalamu ya Dokta. Yaani maneno niliyokuwa nayo kwenye kompyuta yalisalimika, na yale ambayo hayakuwa mahali pengine popote duniani yaliungana na rangi ya mkeka.

Nilijaribu kuokoa. Nilizishika zile karatasi juani moja moja, nikazigeuza huku na huku. Ukurasa wa 41 ulibakiwa na neno "mno". Ndefu mno? Fupi mno? Nzuri mno? Hili la mwisho nililiweka kwa ajili ya afya yangu. Ukurasa wa 67 ulikuwa na "nani" na kiulizo. Nyuma ya sura ya tatu kulikuwa na aya nzima ya kalamu, ndefu, imejaa mpaka pembezoni, na katika yote hiyo kilichosomeka ni "tafadhali". Dokta hajawahi kunitamkia neno hilo kwa mdomo, kwa hiyo nilijua hapo palikuwa na hatari kubwa.

Kumpigia simu? Nimwambie nini? Shikamoo Dokta, maoni yako yamepikwa?

"Kwani alitaka nini huyo mwalimu wako?" bibi akauliza. Alikuwa ameshaelewa kwamba karatasi hazikuwa za kuanikia, na alijiona amenikosea kidogo, si sana.

"Sijui, bibi. Ndiyo taabu yenyewe."

"Basi nisomee. Mimi nitakuonyesha alipokasirikia."

Akatoa sharti moja tu: katika uani wake mikono haikai bure. Akanianzishia ukili yeye mwenyewe, akanikabidhi. Kompyuta juu ya kibao cha mbuzi, ukindu mkononi, nikawa nasoma historia ya mkonge huku nasuka, nimezungukwa na wanawake saba wenye maoni. Ukili ni kazi ya wanawake zaidi kule kwetu. Habari ilifika sokoni kabla sijamaliza utangulizi. Watoto wakawa wanachungulia mlangoni na kuita, "Profesa wa mikeka!" Mzee mmoja aliyekuja kumjulia hali bibi alinitazama, akatazama mikono yangu, akasema, "Hongera, shangazi," akaenda zake.

Ukili wangu ulianza na upana wa vidole vinne, ukashuka hadi viwili, ukapanda tena ukafika vitano. Bibi akaupitisha kiganjani, macho kafumba.

"Huu ukili una pumu."

Lakini kuhusu kusoma hakunidanganya. Nilijifunza kumwangalia mikono. Akichoka na habari, vidole vinakimbia. Habari ikimkolea, vinasimama. Katika takwimu zangu za SILABU, ambazo zilinitoa jasho, alisuka karibu pima nzima bila kuinua uso. Mama jirani alisinzia. Nikafika kwa Richard Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na hapohapo Pangani. Vidole vikapunguza mwendo. Nikaongeza kwamba watu husimulia kuwa ile miche ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa.

Uani wote ukasimama.

"Mamba mzima?"

"Aliyekaushwa, bibi. Ni hadithi tu, sina ushahidi."

"Na forodhani hawakuuliza?"

"Wewe ungemuuliza mamba?" mama jirani akadakia, usingizi umemtoka.

Ubishi ulikwenda hadi magharibi. Kuna waliosema mamba alikuwa mfu, kuna walioona afadhali angekuwa hai, asingekaguliwa. Ile hadithi mimi nilikuwa nimeitupa kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo, kwa aibu ya kitaaluma. Kikao kikaamuru itoke huko iwekwe mahali pa heshima, na iandikwe wazi kuwa ni simulizi. Bibi yeye alikuwa bado na lake: "Mikindu imejaa mtoni, bure, halafu mtu anavuka bahari na mamba kutafuta majani ya kamba. Usiache mbachao kwa msala upitao." Nilimwambia kwamba miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za huo mkonge kwa mwaka. Akauliza uko wapi sasa. Nikamweleza bei ilivyoanguka baada ya kamba za plastiki kuingia, na mashamba mengi yalivyotaifishwa 1967. Akanyanyua mkeka wake, akautikisa mbele yangu, akarudi kusuka.

Mwisho wa sura ya pili nilivuta pumzi, nikasema, "Sura ya tatu."

"Simama. Hapo umekata."

"Bibi, sura imeisha."

"Ndiyo nasema umekata. Lete huo ukili wako." Akanionyesha. Chane ikianza kuwa fupi, mpya inaingizwa kabla ya ile ya zamani kuisha. Zinasukwa pamoja kwa muda, ya zamani inaachiwa mkia wake nje, mpya inaendelea na safari. "Wewe unangoja iishe kabisa ndiyo unatafuta nyingine. Mkeka wa namna hiyo mtu akiukalia unaachia."

Yaani oni pekee la Dokta nililokuwa nalikumbuka, lile la ndani ya daladala, alinipa bibi yangu bila kuliona, na akaniwekea na dawa yake. Usiku ule nilihamisha habari za posho na nyumba za kambini, nikaziingiza mwisho wa sura ya pili, kabla sura ya tatu haijaanza kuzihitaji. Sura ya nne nayo nikaitendea hivyohivyo. Nililala alfajiri, wekundu wa vidole ukabaki kwenye foronya, na foronya ile sikuisikia mwisho wake.

Kesho yake tulikuwa tunakaribia Uhuru, bibi akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa:

"Hao manamba wako walikuwa wanalalia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilijua walichokula, nilijua walichokatwa, nilijua walisafirishwaje. Walikolaza mbavu sikujua.

"Mikeka walikuwa wananunua kwa mama yangu," akasema. "Na kwa wenzake. Tulikuwa tunakwenda nayo kambini, mimi nimejitwika ile midogo."

"Mwisho wa mwezi, wakishalipwa?"

Akanicheka. Mtu wa mkonge, akasema, hakuwa na mwisho wa mwezi. Mwezi wake ulikuwa kwenye kipande. Hilo nililijua kwa kulisoma: kile kikadi kilijazwa siku ya kazi baada ya siku ya kazi, zikitimia 30 ndipo mtu analipwa, na asiyekwenda shambani siku yake haihesabiwi. Nilikuwa sijawahi kulitazama kwa jicho la mtu anayemdai manamba pesa ya mkeka. Kila mmoja anapata pesa siku yake, na ukikosea siku umetembea bure na mzigo kichwani. Mama yake bibi alikuwa anavijua vipande vya watu wa kambini kwa moyo: fulani zimebaki nne, fulani kaugua, usimwendee mpaka Jumatatu.

"Alikuwa anajua kumshinda karani?"

"Karani ndiye alikuwa anakuja kumuuliza."

Nikaachia ukili, nikadaka kalamu. "Usiutupe chini!" wakapiga kelele wote. Nikauvaa shingoni, nikaandika. Wale wengine nao wakaanza kukumbuka ya mama zao na bibi zao, wanakatizana, wanasahihishana, na mimi naandika nyuma ya karatasi zilezile nyekundu maana ndizo zilizokuwa karibu. Sura ya mwisho ikapatikana hapo, kelele tupu.

Balaa lilinisubiri Dar. Dokta alinitumia ujumbe: "Njoo na nakala mpya, na ile yangu ya zamani. Nataka kulinganisha."

Ile ya zamani ilikuwa imekauka ikajikunja, imevimba, jalada halifungi. Niliizungushia kipande cha ukili wangu, nikakaza fundo. Ofisini aliifungua bila kuniangalia. Ukurasa wa kwanza, mwekundu. Akaruka mbele, mwekundu. Akafungua katikati, mwekundu wa kukolea. Miwani ilikuwa kipajini, haikushuka. Akaifunga polepole.

"Haya yote niliandika mimi?"

"Dokta, ilikuwa hivi…"

Akanyanyua mkono. "Usinitetee. Wiki ile nilikuwa na presha, na mambo ya idara. Lakini mtu hasahihishwi namna hii. Pole sana."

Nilifungua mdomo mara nyingine, akanipa tena pole. Kisha akashusha miwani, akachukua nakala mpya, akaisoma pale pale, mimi nimekaa. Kwenye mamba alitabasamu. Kwenye sura ya mwisho alikaa muda mrefu. Akasema naona umezingatia kila nilichokwambia, hasa pale nilipokusihi utafute sauti ya wanawake. Nikakumbuka lile "tafadhali". Akasaini.

Nilikuwa nimeshasimama nilipomwona anauchezea ule ukili vidoleni.

"Huu ni wa wapi?"

"Kwa bibi yangu, Pangani."

"Mke wangu anatafuta mkeka. Futi sita kwa nne. Ila mwambie bibi," akaunyoosha mezani, akaupima kwa jicho, "upana ulingane kote."

Nilimpigia bibi nikiwa bado koridoni. Nikampa vipimo, nikampa na hilo la upana. Akakaa kimya kidogo.

"Mwambie atangulize nusu ya pesa," akasema. "Na masahihisho sipokei."