Hector na yule tai, nani alikuwa sahihi?

Kiswahili cha wazee wetu ndege ni huyu anaeruka na pia ni fali, yaani dalili ya heri au shari, ndo maana mtu safari ikimuharibikia mapema anasema leo nimetoka na ndege mbaya. Wagiriki wa kale walikuwa hivohivo, neno lao oionos lilibeba vyote viwili, ndege wale wakubwa wala nyama na dalili ya mambo yajayo, na walikuwepo waaguzi wa kazi hiyo kabisa, wanaangalia ndege kapita kulia au kushoto, wako wangapi, kabeba nini.

Sasa kuna tukio moja kwenye Iliad ya Homer, utenzi wa kale wa vita vya Wagiriki na mji wa Troy, kitabu cha 12, mimi huwa haliniishi. Jeshi la Troy limefika kwenye handaki la kambi ya Wagiriki, wanataka kuvuka wakachome meli, mara tai anapita kushoto kwao kabeba nyoka mwekundu bado mzima, nyoka akajipinda akamng'ata kifuani karibu na shingo, tai kwa maumivu akamwachia palepale katikati ya askari, wanamwangalia anajinyonganyonga chini. Polydamas, mmoja wa wapiganaji wa Troy, akasema tusivuke, tai hajafikisha chakula kwa makinda, na sisi hata tukivunja ukuta tutarudi ovyo na wenzetu wengi tutawaacha huko. Hector, mkuu wa jeshi la Troy, akawaka, ndege waende kulia kwenye mapambazuko au kushoto kwenye giza yeye hana habari nao, fali bora ni moja tu, kupigania nchi, na akamtishia mwenzake mkuki juu.

Wengi humuona Hector alikufuru, mi naona wanamuonea. Siku ileile Zeus, mkuu wa miungu, alimtuma mjumbe wake Iris amwahidi Hector nguvu mpaka afike kwenye meli na jua lizame, yaani alikuwa na ujumbe wa mungu mkononi, amsikilize nani? Na kweli akabeba jiwe akavunja lile geti. Hata Eurymachus kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, anasema ndege wako wengi chini ya jua na sio wote wana ujumbe, hoja nzito hiyo, japo yeye aliitoa ili amtishe mzee Halitherses, msoma ndege, anyamaze.

Ila msikilize Polydamas alivyoanza kuongea, anasema kila siku barazani unanikaripia hata nikisema la maana. Hapo ndo penyewe. Hakuwa mwaguzi, alisema tu mjuzi wa ndege angesoma hivi, na maneno ya kurudi ovyo kuvuka handaki ni hesabu ya vita tupu, tai alimpa pa kushika mbele ya mkubwa asiepingwa. Hata Calchas, mwaguzi mwenyewe wa Wagiriki, kabla hajamtaja mkuu wao Agamemnon kuwa ndio chanzo cha tauni kambini ilibidi kwanza Achilles, shujaa wao mkubwa, amuapie kumlinda. Kwa hiyo kwa tai Hector simlaumu, namlaumu kwa Polydamas, maana jioni yake, kitabu cha 18, Polydamas alirudi tena bila ndege yoyote, akasema Achilles karudi vitani tuingie mjini usiku huu, Hector akakataa tena, na jeshi zima likampigia kelele za kumuunga mkono.

Kitabu cha 22 yuko peke yake nje ya geti, Achilles anakuja, baba na mama wanamlilia toka ukutani aingie, na anachowaza ni kwamba akiingia Polydamas ndo atakuwa wa kwanza kumlaumu. Akabaki nje.