Mchoro wa mtoto anayejiumiza si wa kusambazwa

Juzi nimetumiwa kwenye simu mchoro ambao sikupaswa kuuona. Aliyeuchora ni binti wa miaka 14 anayejiumiza mwili. Aliyeupiga picha na kuutuma kwenye kundi ni mtu mzima ambaye binti alimwamini. Chini aliuliza: "Jamani, huu weusi una maana gani?" Watu wakaanza kubashiri. Mmoja akasema mapepo, mwingine mapenzi. Nimekasirika hadi leo.

Kijana anayejiumiza mara nyingi anatafuta nafuu ya hisia zilizomzidi nguvu, au anajiadhibu. Ukimbana kwa "kwa nini?" atanyamaza, na si kwa ukaidi: maneno hayajapatikana. Hapo ndipo tiba ya sanaa, yaani kuchora au kuumba kitu akiwa na mtaalamu, inapofaa. Kilichomkaba ndani kinatoka, kinakaa mezani. Anaweza kukitazama, kukipaka rangi nyingine, hata kukichana. Mtaalamu hakimbilii kufasiri. Anaonyesha umbo dogo pembeni na kuuliza, "Huyu angepewa nafasi ya kusema, angesema nini?" Kisha anasubiri, hata kama kipindi kitaisha kimya. Kazi hutunzwa kwa siri, na haionyeshwi mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Maisha yakiwa hatarini, siri ina mpaka, na kijana anaelezwa mpaka huo mapema. Ukiivunja imani hiyo kwa ajili ya udaku, hatachora tena kitu cha kweli mbele ya mtu.

Adrian Hill, mchoraji Mwingereza aliyeipa tiba hii jina mwaka 1942, aliionja nguvu yake akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mwenye penseli alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Haya, nakubali: tafiti za tiba hii kwa wanaojiumiza bado ni chache, na mwongozo wa 2022 wa NICE (taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu) kwa vijana wanaojiumiza mara kwa mara na kulemewa na hisia unapendekeza kufikiria DBT, tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kumudu hisia kali. Rangi peke yake haitoshi. Majeraha yatibiwe, na akitaja kufa, asiachwe peke yake, apelekwe kwa wataalamu siku hiyohiyo.

Mwanao akikuonyesha mchoro, mshukuru. Muulize kama angependa kukusimulia. Akikataa, mwache, kaa naye.

Na wewe uliyeutuma ule: ufute, waombe wengine waufute, kisha mwendee binti umwombe radhi kabla hajasikia kwa watu.