Karatasi haiingii uvunguni

Nyumbani Unguja nilikuwa nikimcheka ami yangu. Akitaka kununua gari, hata kigari cha kubebea mbata, huchukua siku tatu. Atauliza mtaani ilikuwa ya nani, nani alikuwa akiiendesha, iliwahi kugonga wapi. Mwisho anatandika gunia, analala uvunguni. Mimi nikiona ushamba.

Uingereza ikanifunza kuamini karatasi. Hapa ukiingiza namba ya gari kwenye intaneti unaona ukaguzi wake wa kila mwaka: ilifeli nini, imekwenda maili ngapi. Jambo hili nyumbani lingetufaa sana, sibishi. Lakini mimi nilitaka MGB, ile ya wazi ya milango miwili iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Na tangu 2018, gari iliyotimiza miaka 40 hailazimiki tena kukaguliwa, mradi haijageuzwa sana. Yaani gari inapozeeka ikahitaji jicho zaidi, ndipo hapo jicho linapofumbwa.

Nikanunua rangi, si gari. Nyekundu, inang'aa. Muuzaji muungwana, kanipa chai na faili nene la risiti. Nikampigia ami simu ya video, yeye yuko Mwanakwerekwe, mimi najidai.

"Mwanangu, umetazama chini?"

"Risiti zipo, ami."

"Risiti ndo zinabeba gari? Hebu tia jeki."

Nikatia, chini ya mlango. Jeki ikapanda, gari haikupanda. Ukasikika mlio kama mtu anatafuna kashata.

Gari hii haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayojibeba, na yale mabati yaliyokunjwa chini ya milango ndiyo uti wa mgongo. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu huyala, kama upepo wa bahari unavyokula mapaa yetu Bububu. Mwenye haraka anajaza puti, anapiga rangi. Sumaku iliyofungwa kitambaa ingeniambia: kwenye bati inanasa, kwenye puti inadondoka. Au ningetazama upenyo wa mlango. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari imeshalegea kiuno. Injini haikunitisha na hainitishi, vipuri vyake vimejaa huku. Kuchomelea ndiko kunakomaliza mtu, kwani fundi wa hapa hesabu yake ni kwa saa, na saa zake zinakwenda mbio.

Najua wenzangu wa ughaibuni watasema mafundi wa nyumbani nao hula kwa muuzaji. Kweli, yupo atakayekusifia gari mbovu kwa kuwa keshapewa chake. Ila huyo Ijumaa utamkuta msikitini, na anajua utamkuta. Muuzaji wangu mimi simu hapokei tena, na sheria, kwa nilivyoelezwa, haina haraka na mtu aliyenunua kwa mtu binafsi, si dukani.

Ami anasema yuko tayari kuja kunichagulia nyengine. Tiketi nimlipie mimi, gunia atakuja nalo.