Wataalamu wa afya kazini wanahitaji viwanda, maabara na pampu

Vijana wa nyumbani Tanzania huniuliza mara kwa mara wakasome wapi shahada ya uzamili ya usalama na afya mahali pa kazi. Wengi wanataka kuja Norwe, kwa kuwa nami nilisomea Bergen nikabaki kufanya kazi hukuhuku. Nawajibu kwamba Muhimbili, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, panatosha kabisa kwa kuanzia. Tulichopungukiwa nyumbani kinaanzia pale mwanafunzi anapotoka darasani.

Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen wameshirikiana kwa miaka mingi katika fani hii. Watafiti wetu wamepima vumbi la makaa ya mawe kwenye mgodi wa Kiwira, vumbi la viwanda vya kahawa na vumbi la mkonge. Kwenye mkonge walikuta hali ni mbaya zaidi kwenye brashi, pale singa zinaposafishwa. Sisi wa Tanga kikohozi cha watu wa brashi tunakijua toka utotoni, lakini kikohozi ambacho hakuna aliyekipimia vumbi lake hakina nguvu mbele ya mwajiri.

Kupima kwenyewe ni kazi ya mikono. Unamfunga mfanyakazi pampu ndogo ya kuvuta hewa kiunoni, mpira unapita mgongoni hadi kwenye ukosi, na karibu na pua kunakaa kichujio ulichokwisha kukipima uzito. Anafanya kazi zamu nzima nacho. Jioni unakipeleka maabara kikapimwe tena, na kama kuna mawe unatafuta pia silika, vumbi la mawe linaloacha makovu kwenye mapafu na kumfungulia mlango kifua kikuu. Ukikosea kasi ya hewa kwenye pampu, siku nzima imepotea. Hili hujifunzi kwa slaidi. Unajifunza ukiwa na mkubwa wako pembeni, ndani ya kelele na vumbi lenyewe.

Huku Norwe mhitimu anampata huyo mkubwa kwa sababu sheria imemtengenezea nafasi. Sheria ya mazingira ya kazi ya 2005 inataka waajiri wa sekta zenye hatari wajiunge na huduma ya afya kazini iliyoidhinishwa na wakaguzi wa serikali. Hata mkuu wa kampuni anatakiwa asome masuala haya yeye mwenyewe, hawezi kumtuma msaidizi akamsomee. Na tusidhani Wanorwe walizaliwa hivi: mwaka 1980 jukwaa la wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilipinduka baharini na watu 123 wakafa.

Tanzania nayo ina OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, tangu 2001 na sheria yake ya 2003. Lakini angalia kijana mwenye uzamili anaajiriwa kufanya nini. Anaitwa sefti, anagawa kofia ngumu na reflekta, anahutubia watu asubuhi, halafu anajaza fomu za ukaguzi. Matangazo mengi ya kazi yanauliza cheti cha usalama kazini cha NEBOSH ya Uingereza, na sikidharau, kina mafunzo mazuri ya msingi. Ila hakimfundishi mtu kupima silika kwenye shimo la tanzanite la Mererani, wala kumshawishi mwenye kiwanda aweke feni ya kuvuta vumbi pale linapotokea badala ya kununua barakoa nyingine. Inaniuma, kwa sababu waliosoma kupima wapo, na wanakaa ofisini.

Ninalopendekeza lina mwenye fedha tayari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hukusanya michango ya waajiri, sasa asilimia 0.5 ya mishahara, na ndio unaolipa mtu akiugua kwa sababu ya kazi. Mgonjwa wa mapafu asiye na kumbukumbu za vumbi la mahali alipofanya kazi anapata taabu kuthibitisha ugonjwa umetoka wapi. Basi mfuko huo ugharimie mwaka wa pili wa uzamili ufanyike viwandani: Tanga kwenye mkonge, Geita kwenye dhahabu, Moshi kwenye kahawa. Kila mwanafunzi awe chini ya msimamizi anayepima kweli, na sampuli zipimwe kwenye maabara ya nchini. Matokeo yabaki OSHA kwa jina la kiwanda na idara, ili mtu wa brashi akiugua miaka kumi baadaye daktari awe na pa kuangalia.